"Inauspicious" kwa Kiswahili tusemeje? Naomba ushauri

Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu. Ninatafsiri kutoka Kiingereza hadithi ya ushirika wa wavuvi wa Ziwa Kivu, na siku ya pili sasa nimekwama kwenye neno moja: inauspicious. Hadithi inasema ushirika ulikuwa na "inauspicious start": siku ya kwanza mvua kubwa, mtumbwi ukavuja, wakarudi na sambaza (samaki wadogo wa ziwa hili) wasiojaza hata beseni.

Kwanza niliandika "mwanzo wa nuksi". Mama mkubwa aliposoma akashtuka: "Kwani walirogwa?" Kweli, nuksi na mkosi vinanukia uchawi, na Kiingereza cha leo hakiendi huko. Kinasema tu dalili hazikuwa nzuri. Tena mara nyingi neno hili huja pale mambo yaliponyooka baadaye, kama kwa hawa wavuvi.

Kinachonivuta ni asili yake. Linatoka kwa auspex wa Kilatini, yule mtu wa Roma ya kale aliyetazama ndege wanavyoruka ili ajulishe kama shughuli ianze au isubiri. Na sisi si tuna "ndege mbaya" kwa maana hiyohiyo ya dalili mbaya? Natamani kuandika "walianza kwa ndege mbaya", ila naogopa vijana wa hapa watadhani ni ajali ya ndege!

"Mwanzo usiotia matumaini" ni salama, lakini mkavu kama udaga. Ninyi mngeandikaje? Watu wa pwani, "ndege mbaya" bado mnaisema? Kazi naikabidhi kesho kutwa.