.308 ya bolti: nibane shingo tu au ganda zima?

Mlengaji_TX: Wakuu, nipo Texas, najijazia upya risasi za .308 Winchester za bunduki ya bolti (kifungio cha kuvuta kwa mkono), kwa shabaha na nguruwe mwitu. Maganda yote yamepigwa kwenye bunduki hii moja. Kuyarudisha kwenye umbo, nibane shingo tu ili yadumu, au ganda zima? Maelekezo ya dai (kifaa cha kubania ganda, kinachofungwa kwenye presi ya mkono) yanasema uishushe hadi iguse kishikio cha ganda, kisha uongeze robo mzunguko. Halafu baadhi yana mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako.

FundiPresi: Mkuu, anza na huo mstari. Kunja ncha ya waya mwembamba iwe ndoano, ingiza ndani ya ganda, kwaruza ukutani kutoka kitako kwenda juu. Ndoano ikinasa kwenye mfereji, ukuta umeshaliwa. Ganda hilo tupa, usilijaze tena, maana likikatikia ndani ya chemba (tundu la bunduki linamokaa ganda) gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji.

Chanzo mara nyingi ni hiyo robo. Dai ina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo robo mzunguko ni karibu inchi 0.018. Hata ukitoa kiasi kinachomezwa na kupinda kwa presi, bega (pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni) linaweza kurudi nyuma kupita kiasi. Ukipiga, linasukumwa mbele tena, na shaba inayovutika ni ya pale juu ya kitako.

Shingo tu inafaa mizunguko michache, baadaye bolti inakuwa nzito kufunga. Kwa bunduki ya kuwindia sikushauri kabisa. Bana ganda zima, ila bega lirudi inchi 0.002 tu.

Ng'oa fataki (kiwashio cha kitakoni) kwanza, ikivimba inadanganya kipimo. Pima bega kwa kalipa yenye kipimia-bega, maganda matano, kipimo cha lililo refu zaidi kiwe cha kulinganishia. Anza dai ikiwa juu, shusha kidogo kidogo. Mwanzoni kipimo kitaongezeka! Usishtuke: mwili unabanwa na bega linakimbilia mbele. Endelea. Digrii 10 za mzunguko ni kama inchi 0.002.

Shaba_Safi: Naongezea: bunduki zinazojipakia zenyewe zinahitaji bega lirudi inchi 0.003 hadi 0.005, usichanganye. Ukishabana, pima urefu wa ganda. Likizidi inchi 2.015 kata hadi 2.005, vinginevyo mdomo unaweza kubanwa mwisho wa chemba, risasi ikashindwa kuachia na shinikizo likapanda.

Mlengaji_TX: Shukrani. Dai sijaigusa, lakini bega linarudi 0.000 kwa ganda moja, 0.004 kwa jingine. Shida nini?

FundiPresi: Shaba iliyopigwa mara nyingi inakuwa ngumu, ukiibana inajirudia. Pasha moto shingo na bega kwa sekunde chache. Kitako kisipate joto hata kidogo, kikilainika hakifai tena. Kilainishi nacho kipake sawasawa: kikizidi kinabonyeza bega, kikipungua ganda linakwama kwenye dai. Na ukifika chini, shikilia mkono wa presi sekunde mbili tatu kabla ya kuinua.