Msaada: Nataka kusoma shahada ya Kilimo cha Kimataifa, niangalie nini kabla ya kuomba?

Chipukizi:
Habari wakuu. Nina kemia, baiolojia na jiografia. Hesabu niko wastani tu. Kuna vyuo vina shahada ya Kilimo cha Kimataifa, vingine vina Agronomia (sayansi ya mazao na udongo) ya kawaida. Tofauti yake ni nini hasa? Hesabu ni nzito kiasi gani? Na ukimaliza unakuwa mtaalamu wa mazao au mtu wa sera na mikutano?

Udongo_Mweusi:
Jina la shahada lisikubabaishe mkuu. Chukua orodha ya masomo, mwaka kwa mwaka, na kalamu. Kwa mfumo wa Ulaya, shahada ya miaka mitatu ni krediti 180 za ECTS (kipimo cha Ulaya cha uzito wa masomo), na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, pamoja na maabara na kujisomea. Jumlisha krediti za udongo, fiziolojia ya mimea, magonjwa, wadudu na umwagiliaji. Kisha jumlisha za uchumi, sera na maendeleo. Kundi la kwanza lisipofika hata theluthi, hiyo ni shahada ya sera iliyovalishwa gambuti. Si mbaya, ila ujue mapema. Ukija kuomba kazi ya uagronomia, wanasoma transkripti (orodha ya masomo na alama zako), hawasomi jina la cheti.

Jembe_Butu:
Hesabu inayoangusha watu ni uwiano na takwimu, hayo mengine ni kelele. Mfano: ploti (kipande cha shamba la jaribio) ni mita 5 kwa 4, umeambiwa uweke kilo 60 za nitrojeni kwa hekta, na ulichonacho ni urea. Urea ina nitrojeni asilimia 46. Gawa 60 kwa 0.46, unapata kilo 130 za urea kwa hekta, yaani gramu 13 kwa mita ya mraba. Ploti yako ni mita za mraba 20, kwa hiyo pima gramu 260. Anayesahau kugawa kwa 0.46 anapima gramu 120, mimea inakaa na njaa, na jaribio zima linasema uongo.

Kwenye takwimu, viwango vinne vya mbolea na bloku nne (kundi la ploti lenye kila kiwango mara moja) ni ploti 16. Shamba likiwa na mteremko, kila bloku ilale kukata mteremko ili ploti zake ziwe na udongo unaofanana, na kura ya ploti ipi ipate kiwango kipi ipigwe upya ndani ya kila bloku. Kosa la kila mwaka ni hili: mtu anatenga ploti moja kubwa kwa kila kiwango, anachuma mimea 20 humo, anaandika "marudio 20". Hapo ana rudio moja tu, maana mbolea iliwekwa kwenye ploti moja! Na kosa hilo halirekebishiki ukishavuna.

Karantini:
Mmesahau neno "kimataifa". Mtaala ulio makini unafundisha mkataba wa SPS (afya ya watu, wanyama na mimea katika biashara) wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 1995, na vyombo vitatu unavyovitegemea: Codex kwa usalama wa chakula, IPPC kwa afya ya mimea, WOAH kwa wanyama. Ni mambo ya kila siku bandarini. Chukua kanuni ya ISPM 15, ya IPPC kuhusu vifungashio vya mbao: mbao za paleti (majukwaa ya kupangia mizigo) zikitibiwa kwa joto, lazima kiini cha ubao kifike nyuzi 56 za Selsiasi na kikae hapo dakika 30 mfululizo, kisha ubao upigwe mhuri. Matunda yanaweza kuwa safi kabisa, shehena ikazuiwa kwa sababu ya paleti isiyo na mhuri. Kozi isiyogusa haya, hilo "kimataifa" ni pambo.

Chipukizi:
Asanteni sana. Na mafunzo kwa vitendo nje ya nchi?

Udongo_Mweusi:
Uliza wanapeleka wapi na lini. Vituo vya CGIAR (mtandao wa kimataifa wa utafiti wa kilimo) kila kimoja kina mazao yake: CIMMYT Meksiko ni mahindi na ngano, IRRI Ufilipino ni mpunga, IITA Ibadan, Nigeria, ni muhogo, viazi vikuu na kunde. Lakini tarehe ndizo zinazowaponza watu. Wiki nane hazitoshi kuona mahindi kuanzia kupanda hadi kuvuna. Mbegu nyingi za mahindi zinataka miezi mitatu hadi mitano. Halafu likizo ya vyuo vya Ulaya ni Julai na Agosti, na wakati huo maeneo mengi ya kusini mwa Afrika ni kiangazi. Utafika ukute mabua. Visa, bima na nani anamiliki data ya tasnifu, yote yawe kwa maandishi kabla hujapanda ndege.

Jembe_Butu:
Na kabla hujalipa ada ya maombi, omba chuo kikuonyeshe tasnifu tatu za wahitimu wa mwaka jana. Fungua sehemu ya mbinu. Zote zikiwa ni dodoso tupu, hapana ploti wala sampuli ya udongo, swali lako la mtu wa mazao au wa sera limeshajibiwa.