Kifundo kinalegea kabla ya mchana: pini gani inashika nywele za kipilipili?

nywele_nene: Habari zenu wapendwa. Nywele zangu ni za asili, kipilipili kilichojikunja sana, nene. Zikivutwa zinagusa mabega, zikiachiwa zinarudi juu ya masikio. Nataka kifundo kimoja cha kisogoni cha kwendea kazini, kikae asubuhi hadi jioni. Pini nyeusi za kawaida zinafyatuka, rababendi inakata nywele, na ile klipu kubwa ya meno haifungi kabisa. Madukani kuna pini za U, pini za kuzungusha kama skrubu, vijiti na donati la sponji. Kipi kinafaa kweli, na kinachomekwaje? Jeli nyingi sipendi.

mkono_wa_msusi: Dada, kabla ya pini angalia shina. Kwenye nywele kama zako kinachobeba uzito wa kifundo ni kile kifungo cha chini; pini ni za kuzuia nywele za nje zisitoke. Shina likilegea, hata pini ishirini hazitakusaidia, zitakukwaruza kichwa tu.

Kwa shina achana na rababendi. Mpira wowote wa duara lazima uupitishe juu ya fungu zima la nywele, na kila mzunguko unaburuta vipilipili na kuvikata palepale. Tumia kamba ya kiatu bapa, mpya, urefu wa mita moja au zaidi kidogo. Tengeneza kitanzi upande mmoja, izungushe chini ya nywele zote, pitisha ncha ya pili kwenye kitanzi, kisha vuta polepole huku mkono wa pili ukilaza nywele kuelekea kisogoni. Usikaze yote kwa mara moja: vuta, laza, vuta tena. Ikishashika, zungusha mara mbili halafu chomeka ncha chini ya mizunguko au funga upinde. Usifunge fundo gumu, maana jioni utahitaji mkasi. Elastiki ya kamba yenye ndoano mbili inafanya kazi hiyohiyo: ndoano moja unaichomeka kwenye shina, unazungusha, ya pili unaibana hapohapo.

Kipimo cha kukaza: inua nyusi. Ngozi ya paji ikivutika au ukiona vidoti vyeupe kwenye mizizi, legeza.

chanuo_pana: Naongezea upande wa pini. Ile nyeusi ya kawaida ina mguu mmoja wenye mawimbi na mmoja ulionyooka. Mawimbi yanakaa chini, upande wa ngozi, wengi wanaigeuza. Na inafyatuka kwa sababu inabebeshwa nywele nyingi. Imetengenezwa kushika nywele chache, hivyo kwa nywele nene itumie pembeni na kwenye shingo tu. Zipishanishe mbili mbili ziwe alama ya X, moja inaizuia nyingine. Usizipanue kwa meno, ikishapanuka haibani tena. Na kile kitone cha plastiki kwenye ncha kikitoka, tupa pini hiyo, chuma kitachana ngozi.

Kifundo chenyewe kibane kwa pini za U, zile ndefu za sentimita 6 hadi 7. Nne au tano zinatosha. Ichomeke ikiwa imesimama ukingoni mwa kifundo, ichote nywele kidogo za kifundo, iguse nywele zilizolala kichwani, halafu ilaze kuelekea katikati na usukume hadi ipotee. Ukiisukuma moja kwa moja bila kuigeuza, itatoka ukiinama.

Za skrubu ni nzuri sana, mbili tu zinashika, moja kutoka juu na moja kutoka chini. Ila kwenye kipilipili kilichoachiwa wazi nywele zinajiviringisha kwenye waya. Sokota twisti kwanza ndipo uzitumie, na kuzitoa ni kwa kuzungusha kinyume. Ukivuta, unang'oa.

nywele_nene: Asanteni sana. Je, nikibana zikiwa mbichi? Zinalala vizuri zaidi.

uzi_mweusi: Hapo ndipo nywele za mbele zinapokwisha, mpendwa. Nywele mbichi inarefuka na ni dhaifu zaidi. Ikikauka inajikunja na kufupika ilhali kamba iko palepale, kwa hiyo mvuto wote unahamia kwenye mizizi ya paji na masikio. Mchana kichwa kinauma, baadaye vipele, na ukiendelea hivyo kwa muda mrefu nywele za pembezoni hazioti tena. Isitoshe, katikati ya kifundo kinene hapakauki, panaanza kunuka.

Zinyooshe usiku kwa uzi mweusi wa kusukia. Gawa mafungu 8 hadi 10, paka siagi ya shea kidogo, viringisha uzi kutoka shinani hadi nchani bila kukaza sana mwanzoni. Asubuhi zinafunguka zimenyooka, kifundo kinakuwa kikubwa bila donati. Maji yaguse nywele za mbele tu, kwa brashi laini na jeli ya ukubwa wa punje ya harage, kisha funga kitambaa cha satini dakika 10 hadi 15.

mkono_wa_msusi: Kweli kabisa. Donati la sponji kwa unene wake sioni kazi yake, linakwaruza na kunyonya mafuta yote. Anayelihitaji alivalishe kipande cha satini. Vijiti navyo vinapendeza kwenye rasta au nywele zilizosukwa. Kwenye nywele wazi vinateleza. Na hamisha kifundo, dada: leo kisogoni, keshokutwa juu kidogo, ili kamba isikae mstari uleule kila siku.

chanuo_pana: Mafuta pia yapake baada ya kubana, kwenye ncha tu. Shina likiwa na mafuta, hakuna pini itakayoshika.