Kaa wametoweka kijitoni tangu tulime hadi ukingoni, naombeni ushauri

Mkulima_Bondeni:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Lushoto, nalima kabichi na karoti kwenye shamba linaloteremka hadi kijitoni. Miaka sita iliyopita tulikata mikuyu na matete ya ukingoni, tukaongeza matuta manane. Zamani watoto wakigeuza jiwe hawakosi kaa. Sasa hamna kitu, na kereng'ende wamepungua. Masika ikianza, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Majirani wanasema ni dawa za wadudu, lakini mimi bomba la kunyunyizia naoshea mbali na maji. Je, kulima kwenyewe kunaweza kumaliza viumbe wa mtoni? Inaniuma, maana aliyekata ile miti ni mimi.

DadaMaji:
Pole kaka. Ndiyo, kunaweza, hata bila tone la dawa. Wadudu wa mtoni hawaishi ndani ya maji tu, wanaishi kwenye nafasi kati ya jiwe na jiwe. Udongo wa shamba ukishuka, unaziba zile nafasi na kuganda kwenye matamvua wanayopumulia. Ongeza na kivuli: ulipokata mikuyu, maji yalipata jua, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Majani yaliyokuwa yakidondoka ndiyo chakula cha kaa, wanayakatakata na wadudu wengine wanakula mabaki. Umewaondolea nyumba na chakula kwa mpigo mmoja.

Geuza mawe matano juu ya shamba lako na matano chini yake, ulinganishe. Tanzania tuna kipimo kinaitwa TARISS, kinatoa alama kwa kila aina ya mdudu: wanaotaka maji safi alama za juu, wavumilivu za chini. Wewe huhitaji alama, macho yanatosha.

Mpare_Halisi:
Dawa msiisamehe haraka. Hizi za kuua wadudu za jamii ya pairethroidi hushikana na udongo, kwa hiyo tope likishuka linashuka na dawa yake. Na kiasi kidogo sana kinaua kaa.

Kijana wa Mlalo:
Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sisi wenye robo eka, mita 60 ndiyo shamba lote! Tutakula nini?

Babu Mstaafu:
Mjukuu, hoja yako ni ya kweli, lakini usimwache mwenzio mikono mitupu. Miaka ya 1980 mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulitufundisha hapa Lushoto kupanda majani ya Guatemala kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko. Yanashika udongo, na ng'ombe anakula. Mkulima, anza na ukanda wa chini kabisa: acha matete yarudi, panda mikuyu. Mikaratusi usiweke, majani yake ni magumu, wadudu hawayataki. Matuta yote yakate mteremko, usiache hata mfereji mmoja unaoelekea mtoni.

Mkulima_Bondeni:
Asanteni sana. Leo asubuhi nimegeuza mawe kama dada alivyosema. Juu ya shamba, kila jiwe lina vidudu bapa vyenye mikia mitatu, vinakimbilia upande wa giza. Kimoja kimejijengea kijumba cha mchanga na vijiti, kinatembea nacho. Chini ya shamba langu, jiwe lilikuwa limezama kwenye tope hadi nusu. Nililing'oa, nikakuta vijinyoo vyekundu na ruba mmoja, basi.

Nimeamua matuta matatu ya chini nayaacha. Swali moja limebaki: wale wa juu watashuka wenyewe au niwahamishe?

DadaMaji:
Usiwahamishe. Wadudu huchukuliwa na mkondo usiku, na wakipata mbawa huruka. Kaa atatembea. Kazi yako ni kuzuia tope tu. Ila jirani wa ng'ambo naye analima hadi majini?

Mkulima_Bondeni:
Analima, tena hadi kwenye mawe. Jumamosi namwita tugeuze pamoja.