Majirani Bondeni, Mbezi Beach: tailizi za bwawa la Mama Salma

Jumamosi, Julai

Mama Salma: Habari za asubuhi majirani. Shikamooni wazee. Naomba mawazo. Bwawa la nyumbani mozaiki (tailizi ndogondogo) zinabanduka upande wa kina kirefu, na grauti, ile simenti ya kujazia kati ya tailizi, imeliwa karibu kila mahali. Mafundi wawili wamekuja kukadiria. Wa pili ametaja zaidi ya mara mbili ya wa kwanza, na wote wanasema kazi ni ileile, kuvua na kuweka mpya. Nimwamini nani?

Mzee Mwinyi: Marahaba mama. Pengine wote wakweli ila kila mmoja anauza kazi yake. Wamekupa mchanganuo au jumla tu?

Mama Salma: Jumla tu mzee. Wa kwanza kaandika pembeni "mita za mraba 32". Wa pili hakuandika kitu.

Mzee Mwinyi: Bwawa lina vipimo gani?

Mama Salma: Mita 8 kwa 4. Kina mita 1 huku, kule 1.8. Lina ngazi za kushukia kwenye kona.

Mzee Mwinyi: Basi 32 ni sakafu peke yake. Kuta hazimo. Ama amesahau, ama atazidai mkiwa katikati ya kazi na bwawa limeshavuliwa. Hesabu ni hii: kuta mbili ndefu, 2 x 8 x 1.4 (wastani wa kina) = 22.4. Kuta fupi, 4 x 1 na 4 x 1.8, jumla 11.2. Kuta zote 33.6. Sakafu ina mteremko, weka 32.2. Ongeza ngazi, kama mita 3. Jumla 68.8, nunua vitu kwa 70.

Baba Neema: Kumbe kuta zinazidi sakafu 😳

Mzee Mwinyi: Kwa mabwawa ya nyumbani mengi ndivyo. Anayekadiria kwa kuangalia uso wa maji anakosea nusu nzima.

Fundi Shabani: Shikamoo mzee. Mama Salma, vipimo ni mwanzo tu. Swali linalobeba pesa ni hili: hizo mozaiki zinabanduka peke yake, au zinabanduka na plasta yake? Ukiokota kipande kilichodondoka, nyuma kuna nini?

Mama Salma: 📷 Picha

Mama Salma: Kuna simenti imeganda nyuma, nene kama kidole.

Fundi Shabani: Hapo ndipo bei zinapoachana. Ingekuwa gundi tu imechoka, tungevua mozaiki, tukasugua, tukaweka gundi mpya. Yako imeachia plasta kutoka kwenye zege. Plasta yote iliyoachia lazima ishuke. Maji yakipungua chukua nyundo ndogo, gonga kila baada ya hatua moja, kuta na sakafu. Panapolia "ko ko" pameshika. Panapolia kama debe tupu pameachia. Weka alama ya chaki. Vipande vichache vikilia, viraka vinatosha. Theluthi ya bwawa ikilia, usihangaike na viraka, shusha yote, maana iliyobaki inafuata mwakani.

Fundi Shabani: Na gharama ya kushusha si kibarua tu. Mita 70 kwa unene wa milimita 30 ni zaidi ya kyubiki (mita za ujazo) 2, ikishavunjwa inavimba kufikia 3. Hiyo ni kama tani nne za kifusi za kupandisha kwa ndoo na kubeba kwa lori. Kirikuu, ile pikapu ndogo, haitoshi. Kwenye kotesheni ya bei nafuu neno "kifusi" huwa halipo.

Mama Neema: Samahani kukatisha, gari la taka limepita mtaa wa pili?

Baba Neema: Limepita saa mbili. Huku bado.

Injinia Mushi: Mama Salma kabla hujamwaga hata ndoo moja: nyumba yako ni upande wa chini, karibu na mto mdogo, sivyo?

Mama Salma: Ndiyo Injinia, nyumba ya tatu kutoka darajani.

Injinia Mushi: Basi tafadhali bwawa lisimwagwe bila kujua maji ya ardhini yako wapi. Bwawa lako linabeba karibu lita 45,000, yaani tani 45 zinazolikandamiza chini. Ukizitoa na ardhi imelowa, maji ya nje yanalisukuma ganda juu. Bwawa tupu huelea kama mtumbwi: linanyanyuka, sakafu inapasuka, mabomba yanakatika shingoni. Hapo hatuzungumzii tena tailizi.

Injinia Mushi: Cha kufanya: chimba shimo pembeni ya upande wa kina kirefu, mita moja hivi kutoka ukutani, lishuke mita 2 na zaidi, chini ya sakafu ya bwawa. Acha usiku mzima. Asubuhi likiwa kavu, mwaga. Likiwa na maji juu ya usawa wa sakafu, weka pampu ya kuzama shimoni humo, ifanye kazi siku zote bwawa likiwa tupu, usiku pia. Umeme wa pampu na mtu wa kuilinda ni gharama halali, iandike.

Injinia Mushi: Pia muulize fundi kuhusu valvu ya kupunguza presha, ile inayokaa kwenye shimo la kutolea maji sakafuni. Maji ya chini yakizidi inafunguka yenyewe. Mabwawa mengi inayo lakini imeganda kwa mchanga au imepigwa tailizi juu yake. Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo ukilinganisha na kazi nzima.

Mama Salma: Mungu wangu. Hakuna fundi hata mmoja aliyetaja hilo.

Injinia Mushi: Julai hii ni wakati mzuri. Masika yameisha, vuli huanza Oktoba. Usikubali kuanza mwishoni mwa Septemba hata akikupa punguzo.

Fundi Shabani: Nakubaliana na Injinia. Na lingine la kabla ya kumwaga: pima kama linavuja. Jaza ndoo maji, iweke kwenye ngazi ya kwanza ili izame nusu, weka alama ya maji ndani ya ndoo na nje yake. Saa 24 pampu imezimwa, halafu saa 24 nyingine pampu inafanya kazi. Ndoo inaonyesha yaliyokauka kwa jua. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Likishuka zaidi pampu ikiwa inafanya kazi, bomba la kurudishia maji ndilo la kulitazama kwanza. Likishuka sawasawa siku zote mbili, tazama ganda, taa, na shingo ya skima (tundu la ukutani linalonyonya uchafu wa juu ya maji).

Baba Neema: Kwa nini upime kabla, si utaona likishakuwa tupu?

Fundi Shabani: Likishakuwa tupu huoni kitu kaka. Bomba linavujia chini ya sakafu ya nje. Ukiweka tailizi mpya kisha ukagundua bomba, unavunja tailizi mpya. Bwawa likiwa tupu ziba mabomba, yapimwe kwa presha ya baa 1.5 hadi 2 kwa nusu saa. Geji ikishuka, tafuta. Na ukiwa tayari umevunja, badilisha midomo ya kurudishia maji, pointi ya vakyumu (ya kunyonyea uchafu) na mifuniko ya sakafuni. Plastiki iliyokaa juani inapasuka unapoigusa tu.

Mama Salma: Je nikiachana na mozaiki, nikapiga rangi tu? Shemeji anasema inaokoa hela nyingi.

Fundi Shabani: Inaokoa mwaka huu. Rangi ya klorini raba hukaa miaka miwili mitatu, epoksi mitano hadi saba ikipigwa vizuri. Lakini kwako rangi haikwepi kushusha plasta mbovu na kupiga mpya. Unachookoa ni mozaiki, gundi na grauti. Na rangi inataka zege kavu kweli: bandika kipande cha nailoni mita moja kwa moja, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, acha siku nzima. Ukikuta matone ndani, epoksi itavimba mapovu. Kwa bonde letu hilo ni tatizo.

Injinia Mushi: Rangi chini ya usawa wa maji ya ardhini, mimi sishauri.

Fundi Shabani: Kuna njia ya kati, plasta nyeupe: saruji nyeupe na chenga za marumaru, moja kwa mbili, unene milimita 10. Kwa mita 70 ni mifuko 10 hadi 11 ya saruji nyeupe ya kilo 50 na zaidi ya tani moja ya chenga. Vitu si ghali, ghali ni mkono. Bwawa zima lipigwe siku moja bila kuungaunga, mafundi wanne watano wenye mwiko wa chuma, vinginevyo kila kiungo kinaonekana. Ikipata maji mazuri inafika miaka kumi.

Bi Zuhura: "Ikipata maji mazuri" hapo ndipo mimi naingia 😄 Mama Salma unajazia maji gani?

Mama Salma: Kisima. Ya bomba, ya DAWASA, yanakuja kwa zamu.

Bi Zuhura: Kisima cha huku kina chumvi na kingine kina madini ya chuma. Chuma kikikutana na klorini kinageuka kutu, na plasta nyeupe mpya inanyonya hiyo rangi ya kahawia. Asidi inaitoa, lakini inaondoka na sehemu ya plasta. Peleka chupa ya maji ya kisima ipimwe chuma kabla hujachagua. Kama chuma kipo, piga hesabu ya maboza: la lita 10,000 ni safari tano. Kwa plasta nyeupe maji yanaanza kuingia ikishashika, kwa kawaida kesho yake, na hayasimami hadi yafike juu, la sivyo unabaki na mstari ukutani milele. Boza la tatu likichelewa Tegeta, umeumia.

Bi Zuhura: Mozaiki ni kinyume chake. Subiri gundi na grauti zikauke siku 14, kisha jaza taratibu, isizidi sentimita 70 kwa siku.

Mama Salma: Na kwa nini grauti yangu imeliwa? Bwawa lina miaka tisa tu.

Bi Zuhura: Unatumia vidonge vya klorini, vile vya kuelea?

Mama Salma: Ndiyo, siku zote.

Bi Zuhura: Vidonge vile vinashusha pH, yaani kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi. Kama hupimi, maji yanakuwa na asidi, na maji ya namna hiyo yanatafuta kalisi popote ilipo, na grauti ya simenti imejaa kalisi. Kaa kati ya 7.2 na 7.6, alkalini miligramu 80 hadi 120 kwa lita, ugumu wa kalisi miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Kipimo cha matone kinatosha, mara mbili kwa wiki. Usipobadilisha hilo, grauti mpya nayo italiwa. Grauti ya epoksi hailiwi, ila bei yake ni mara kadhaa na fundi wake lazima awe anaijua, inaganda haraka na kuacha ukungu juu ya tailizi.

Mzee Mwinyi: Nimeandika wakati mnaongea. Kwa mozaiki, mita 70:

Plasta ya kusawazisha, wastani milimita 15: saruji mifuko 8, mchanga wa mto uliooshwa kyubiki 1.3. Wa baharini hapana, chumvi yake inakula nondo.
Dawa ya kuzuia maji, mikono miwili: kilo 210.
Mozaiki na asilimia 8 ya kupotea: shiti 840 za sentimita 30 kwa 30.
Gundi ya bwawa: mifuko 18 ya kilo 20.
Grauti: kilo 90 hivi kwa vipande vya sentimita 2.

Mafundi wajaze bei zao hapo. Ufundi, kifusi, pampu ya shimoni, vifaa vya mabomba na maji ya kujazia viwe mistari yake peke yake.

Fundi Shabani: Mzee umemaliza kila kitu. Naongeza mawili. Shiti zote zitoke toleo moja, angalia namba kwenye boksi, rangi ya toleo jingine haifanani. Na geuza shiti uone nyuma: kama neti imeshikwa na gundi nyeupe nyingi, loweka moja kwenye ndoo siku mbili. Neti ikiachia vipande, usinunue, ndiyo inayoanguka bwawani.

Injinia Mushi: Na dawa ya kuzuia maji ijaribiwe kabla ya tailizi. Jaza, saa 72, pima. Hilo jaribio nalo linakula maji, Mzee liweke kwenye hesabu.

Mzee Mwinyi: Nimeliweka.

Mama Salma: Asanteni sana. Wa pili nimempigia sasa hivi. Anasema bei yake ina kushusha plasta, kifusi na dawa ya kuzuia maji. Haina mabomba wala pampu ya shimo. Wa kwanza anasema "kuta tutaongea mbele ya safari".

Baba Neema: 😂😂

Mzee Mwinyi: Mtumie wa pili orodha ajaze, na wewe utafute fundi mwingine mmoja ajaze hiyohiyo. Malipo kwa hatua: kifusi kikitoka, dawa ikipita jaribio, tailizi zikiisha. Asilimia 10 ibaki hadi bwawa likae na maji wiki mbili.

Mama Salma: Sawa mzee. Leo nachimbisha shimo. Injinia, udongo wa kule ni kichanga, hautaporomoka?

Injinia Mushi: Utaporomoka ukifika majini. Tumbukiza pipa lililotobolewa matundu, au pete mbili za zege kama za kisima, na kokoto chini. Asiingie mtu shimoni bila hilo. Nitapita saa kumi.