Saa za kazi zisizolipwa Uingereza: mdogo wangu aanzie wapi kudai?

Kutoka Wete, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naandika kwa niaba ya mdogo wangu wa kike, ambaye yupo Uingereza kwa viza ya wafanyakazi wa afya na uangalizi, na kazi yake ni kuzunguka majumbani kuwahudumia wazee. Hutoka kwake alfajiri na kurudi usiku, lakini hati yake ya mshahara huonesha saa 9 tu kwa siku, kwa kuwa mwajiri huhesabu muda anaokuwa ndani ya nyumba ya mzee na kuuacha ule wa kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Zipo pia zamu za kulala kwa mgonjwa, ambazo hulipwa fungu moja dogo kwa usiku mzima. Mwenyewe anaona muhali kuuliza, na zaidi ya hapo anaogopa kwamba akiuliza atafutiwa viza. Huku nyumbani nasi tumegawanyika: mama anamwambia avumilie, baba mdogo anamwambia aache kazi kesho. Mwenye ujuzi atueleze, tafadhali, lipi katika hayo ni haki yake na lipi si haki yake, na dai la namna hiyo hupelekwa wapi.

Kutoka Kiembesamaki, Unguja

Wa alaykum salaam kaka yangu.

Kazi hiyo nimeifanya Uingereza miaka mingi kabla ya kurejea Unguja, na waliokuja kuniuliza suala hili ni wengi. Karibu wote huanza kwa kusema hawakulipwa ovataimu, na hapo ndipo dai linapodhoofika kabla halijafika popote, kwa sababu sheria ya Uingereza haimlazimishi mwajiri kulipa saa ya ziada kwa kiwango cha juu zaidi isipokuwa mkataba umesema hivyo. Kinacholazimishwa ni kwamba ukichukua malipo yote ya kipindi kimoja cha mshahara ukayagawa kwa saa zote zilizofanyiwa kazi katika kipindi hicho, jawabu lisiwe chini ya kima cha chini cha mshahara. Mdogo wako asidai ovataimu. Adai kima cha chini, na mzigo wa kujieleza utamhamia mwajiri.

Muda wa safari kati ya mzee mmoja na mwingine ni muda wa kazi katika hesabu hiyo. Safari ya kutoka nyumbani kwake hadi kwa mzee wa kwanza, na ya kurudi kwake kutoka kwa mzee wa mwisho, haimo. Tuchukue mfano. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, nacho hubadilishwa kila Aprili. Tuseme analipwa pauni 12.60 kwa saa 9, yaani pauni 113.40, na mtu akitazama hati ya mshahara ataona kila kitu ni sawa. Lakini ikiwa safari za katikati zilichukua saa 2, amefanya kazi saa 11, na 113.40 ukiigawa kwa 11 unapata pauni 10.31. Kwa saa 11 alistahiki pauni 134.31, kwa hiyo pengo la siku hiyo moja ni pauni 20.91, na siku zote za mwezi zikifanana na hiyo, pengo hilo linajirudia kila siku. Ikiwa mwajiri anamkata na fedha za sare, makato hayo nayo huondolewa kwanza kabla ya kugawa.

Kuhusu zamu za kulala, habari si nzuri. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Machi 2021, katika kesi iliyolihusu shirika la Mencap, kwamba mfanyakazi aliyepewa mahali pa kulala na kuruhusiwa kulala hahesabiwi kima cha chini kwa usiku mzima, bali kwa ule muda tu aliokuwa macho akifanya kazi. Mimi naiona hukumu ile kuwa kali kwa watu ambao usingizi wao ni wa mang'amung'amu, lakini ndiyo sheria. Kwa hiyo kila anapoamshwa, aandike aliamshwa lini, kwa ajili gani, na alirudi kulala lini. Usiku wa kuamshwa mara nne si sawa na usiku wa kuamshwa mara moja.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika dai la mshahara hilo si la kutafsiriwa sana. Aandike siku hiyo hiyo, na aandike kwa mtindo wa saa 24. Sisi tukiandika «nilitoka saa tatu usiku» tunakusudia 21:00, lakini msuluhishi wa huko atasoma ni 03:00, na daftari lenye saa za namna mbili humvunjia mtu dai lake lote. Ratiba za zamu zilizomo kwenye programu ya simu azipige picha sasa, maana siku anayoondolewa kazini huondolewa na humo. Ahifadhi pia ujumbe wa msimamizi unaomwagiza aende nyumba fulani kwa muda fulani.

Kuna haki moja ambayo wengi wetu hatuijui. Sheria ya kima cha chini ya mwaka 1998 inampa mfanyakazi mwenye shaka ya msingi ruhusa ya kumwandikia mwajiri akitaka kuona kumbukumbu za saa zake na malipo yake, na mwajiri ana siku 14 za kuzitoa. Barua hiyo haina ugomvi ndani yake. Mtu anayeona muhali anaweza kuiandika kwa adabu zote za Kipemba na bado ikafanya kazi yake.

Sasa hofu ya viza, na hapa sitamdanganya mtu. Kudai mshahara si kosa la uhamiaji, na kumfukuza mfanyakazi kwa sababu amedai kima cha chini ni kinyume cha sheria hata kama alianza kazi jana. Hata hivyo baraza la kazi, yaani mahakama ya migogoro ya kazi, linaweza kumpa fidia, lakini haliwezi kumrudishia udhamini, yaani mwajiri kusimama kama mdhamini wa viza yake. Mwajiri akiuondoa udhamini, kwa kawaida Wizara ya Mambo ya Ndani humpa mfanyakazi siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Tangu Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuleta wahudumu wapya kutoka nje, ila waliomo ndani wameachiwa muda wa mpito wa kuhama mwajiri. Kwa hiyo baba mdogo asisikilizwe katika hili: asiache kazi kabla hajapata mdhamini mwingine kwa maandishi. Wala mama asisikilizwe kabisa kabisa, kwa sababu kuvumilia kuna tarehe zake. Dai la baraza la kazi ni salama kulihesabu kuwa ndani ya miezi 3 kasoro siku 1 tangu malipo yalipopungua, na kabla ya kulifungua ni lazima kupitia Acas, chombo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi, ambao usuluhishi wao ni bure.

Njia ya pili ni mamlaka ya serikali inayosimamia kima cha chini, ambayo mwaka 2025 ilikuwa mamlaka ya kodi, HMRC. Yenyewe hupokea malalamiko ya kima cha chini, inaweza kufuatilia malimbikizo ya hadi miaka 6 nyuma, na mlalamikaji anaweza kuomba jina lake lisitajwe kwa mwajiri. Kwa mwenye viza ya udhamini mimi ningeanza huko.

Kutoka Mkoani, Pemba

Niongeze kidogo kwa ajili ya wale ambao ndugu zao wapo Oman, maana kwetu Mkoani ni wengi kuliko waliopo Uingereza. Sheria mpya ya kazi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 53 ya 2023, imeweka saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, na kule saa ya ziada ina kiwango chake cha juu: nyongeza ya asilimia 25 mchana na asilimia 50 usiku. Lakini watumishi wa majumbani wamewekwa nje ya sheria hiyo na wana kanuni zao. Dada anayepika na kulea watoto Muscat asiambiwe adai kama anavyodai karani wa duka, na mkataba wake ausome kabla hajapanda ndege.

Kutoka Wete, Pemba

Ahsanteni sana. Nimezungumza naye, naye amekubali kuanza na barua ya kuomba kumbukumbu, na Jumamosi tutakaa kwenye simu kupiga hesabu ya mwezi uliopita. Dada wa Kiembesamaki, tukikwama kwenye zile zamu za kulala nitakuuliza tena.