Miezi mitano sijafika kanisani kwa sababu ya zamu. Nimerudi nyuma?

MamaNeema_Nungwi
Bwana asifiwe wapendwa. Mie ni mpishi katika hoteli moja huku Nungwi, na mapumziko yangu ni Jumanne. Jumapili saa kumi na moja alfajiri nishakanda unga wa maandazi. Nikitoka jikoni saa tisa, ibada ya kanisani kwetu Mkunazini, mjini Unguja, imekwisha zamani, na daladala ya 116 mpaka huko ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Wiki iliyopita mama mmoja wa kanisani kanipigia simu, akanambia, "Mwenzetu umerudi nyuma." Nililia.

Lakini si hilo tu. Mwenzangu wa jikoni ni Muislamu. Ikiadhiniwa adhuhuri nashika sufuria zake, anakwenda kusali, anarudi. Siku moja kaniuliza, kwa wema kabisa: "Na yako wewe saa ngapi, nikushikie?" Nikakosa la kusema. Mie nazungumza na Yesu nikikuna nazi. Mwanangu alipolazwa kwa homa Agosti nilimwambia, "Bwana, huyu ni wako, mie sina jengine," nikapata usingizi palepale sakafuni wodini. Ile ni imani, au najidanganya kwa kuwa ibada imenishinda?

Katekista_Mstaafu
Mwanangu, Paulo hakusema anayajua aliyoyatimiza. Alisema, "namjua yeye niliyemwamini" (2 Timotheo 1:12), na hapohapo anataja kile alichokiweka amana kwake. Sisi Waswahili tuna bahati: imani na amana kwetu ni shina moja. Mtu akikuwekea dhahabu yake akasafiri Pemba, hapati usingizi kwa kuwa ameihesabu usiku ule. Anapata usingizi kwa kuwa anakujua wewe. Pale wodini mwanao ulikuwa umemuweka amana.

Ukija Mkunazini, litazame lile duara la marumaru nyeupe mbele ya madhabahu. Ndipo panapooneshwa ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, kabla soko la watumwa lililokuwapo hapo halijafungwa 1873. Aliyefungwa pale hakuwa na sadaka mkononi, wala daftari la mahudhurio. Mimi kila nikipiga goti karibu na hapo nawakumbuka, na huwa sina cha kumuonesha Mungu isipokuwa haja yangu.

Wa_Wete
Mzee kasema kweli, ila mimi nina neno. Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika. Huku Wete tu wachache. Akikosekana mmoja, nafasi yake inaonekana tangu mlangoni, na hata wimbo unapwaya. Dada, sisemi huna imani. Nasema wenzio wanakukosa. Pengine yule mama alitaka kukwambia hilo, likamtoka vibaya.

MamaNeema_Nungwi
Mzee, shikamoo. Ahsanteni nyote. Hilo la amana nimekwenda nalo jikoni. Nimemwambia mwenzangu: yangu haina saa, hata sasa nikipepeta mchele nimo ndani yake, lakini Jumapili nawakosa watu wangu. Kanijibu, "Sasa si ungesema zamani?" Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao ananishikia zamu, nami nitamshikia siku ya maulidi ya kwao.

Yule mama nimempigia mwenyewe. Kanyamaza kidogo, kisha kaniuliza hali ya mtoto. Nimemuomba aniwekee nafasi mbele, karibu na lile duara.